Neno Aliloitwa Mume Wangu

Mwanzoni nilidhani baba mkwe wangu ni mtu wa maradhi. Kila alipofungua kinywa kusema Kiajemi chake nilisikia neno hilo: mard hivi, mard vile. Masikio yangu yalilelewa na Kiswahili na Kiarabu, na katika lugha hizo mbili maradhi ni maradhi. Kwa hiyo siku nilipomsikia akimkemea mwanawe, "Mard bash!", nikajiuliza baba gani huyu anayemwombea mtoto wake ugonjwa. Nilimwuliza mume wangu garini, tukirudi kwetu Bawshar, baba yake anasumbuliwa na nini. Alicheka hata ikabidi aegeshe gari pembeni ya barabara. Mard, akanieleza, ni mwanamume. Mard bash, maana yake kuwa mwanamume.

"Basi ndiyo maradhi yenyewe," nikamwambia, akacheka tena. Siku zile alikuwa mtu wa kucheka.

Mimi nilizaliwa Unguja nikaletwa Maskati ningali mchanga, nimebebwa begani mwa mama. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, nje Kiarabu, na mtu akituuliza sisi ni nani tulimjibu kwa lugha aliyoulizia. Yeye alikuwa mtu wa Matrah, katika wale ambao mababu wa mababu zao walivuka kutoka upande wa pili wa Ghuba. Pasipoti yake ilikuwa ya Omani kama yangu, ila jikoni kwao ilitawala lugha nyingine. Tulionana chuoni, Al Khoudh, mwanzo wa miaka ya tisini, kama walivyoonana wanafunzi wote wakati ule, yaani kwa mbali, wasichana njia ya juu na wavulana njia ya chini. Tukaja kukutana tena kazini, wizara moja, na hapo hapakuwa na njia mbili.

Wazee wa pande zote walinung'unika. Baba yake alisema watu wa Zanzibar wana maneno mengi. Mama yangu akasema Waajemi wana maneno machache, na mtu wa maneno machache humjui anakula nini moyoni. Nilidhani ni kinyongo cha kawaida cha wakwe. Siku hizi nakiri kwamba wote wawili walisema kweli tupu.

Mimi na yeye tulizungumza Kiarabu, na tulipochoka nacho tukafanya mchezo wa kuwinda maneno ambayo lugha zetu mbili zilikuwa zimeazimana. Bandari. Bustani. Dirisha. Pamba. Kila tulipopata moja tulifurahi kama watu waliogundua kumbe wana shangazi mmoja. Ila liko dogo moja lililotushinda. Kwa Kiswahili "na" hukusanya: mimi na wewe, chai na maziwa, Idi na mkono wa Idi. Kwa Kiajemi "na" hukanusha. Ukiibandika mbele ya kitu umekiondoa. Nilimwambia lugha yao ina roho mbaya, inachukua neno la kuunganisha inalifanya kisu. Akasema pengine sisi ndio tuliokiokota kisu tukakifanya uzi.

Gari ndilo lililokuwa darasa langu, maana Maskati huendi popote bila gari, na kutoka Bawshar mpaka kwa baba yake Matrah palikuwa na mizunguko ya barabara ya kutosha somo zima. Alinifundisha kwamba viatu vya kiume na saa ya kiume ni mardane. Kauli ya kiume ni kaul-e mardane, na hiyo haina mashahidi wala haihitaji. Baba yake alipokuwa akitoa kauli ya namna hiyo kwa mfanyabiashara mwenziwe aligusa sharubu zake, kwa kuwa zamani kwao mwanamume aliweza kuweka rehani unywele mmoja wa sharubu na watu wakamwamini. Alinifundisha pia msemo ambao baba yake aliutumia kama wengine wanavyotumia chumvi: neno la mwanamume ni moja. Kisha jawanmard, ambalo ukilivunjavunja ni kijana wa kiume tu, lakini maana yake ni mtu mkarimu anayesimama na mnyonge na hataki wema wake utajwe. Hilo nililipenda. Hata mwanamke akifanya jambo kubwa, akasema, huweza kusifiwa kwamba ni mard.

"Na mwanamume akiwa mwema sana, huambiwa ni mwanamke?"

Akaongeza mwendo.

Lakini sikuwa na haki ya kuwacheka. Kwetu mkono wa kulia ni mkono wa kuume, na mtoto akianguka huambiwa ajikaze kiume hata kama ni wa kike. Lugha zote mbili zilikuwa zimempakia mwanamume mizigo, tofauti ni mahali zilipoifunga kamba. Wao waliifunga kwenye neno lake. Sisi, Mungu atusamehe, tuliifunga kwenye kiuno. Sikuyajua haya wakati ule. Ningeyajua, ningekuwa na mume.

Neno namard hakunifundisha. Alilipita kama dereva anavyolipita shimo analolijua.

Miaka ikaenda bila mtoto. Mama yangu alikuja na majani ya kuchemsha na mafuta ya kuchua, na kila alipoingia nyumbani kwangu aliniangalia tumbo kabla ya uso. Nilikwenda hospitali, nikaambiwa sina kasoro. Mume wangu naye akaniambia amekwenda na hana kasoro. Sikuona sababu ya kumshuku. Tulikuwa watu wawili wazima ambao Mungu hajawajaalia bado, na tulilala na kuamka kama mke na mume wengine, na nililiona hilo linatutosha.

Kisha ikaja Idi moja. Baba mkwe alitualika chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza akamwalika na mama yangu. Tulikula wali wa zafarani na samaki. Wanawake tukabaki chumba cha ndani na kahawa, mimi, mama na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye aliyeendesha nyumba ile tangu mama yao afariki. Mlango wa majlis, walikokaa wanaume, ulikuwa wazi. Tukamsikia mzee anauliza kitu kwa sauti ya chini, mume wangu anajibu. Mzee akauliza tena. Jibu lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Halafu mzee akasimama, nikamwona akiuvuta mkono wake ambao mume wangu alitaka kuubusu, na akasema neno moja.

"Namard!"

Wifi yangu alimwaga kahawa kwenye sinia. Mume wangu akatoka uani bila viatu. Mama yangu, ambaye hakupata kuacha neno lipite bila kulijua, akamshika wifi mkono akamwuliza kwa Kiarabu mzee amesema nini. Wifi aliniangalia mimi, akatazama chini. Akasema polepole:

"Amemwambia si mwanamume."

Ndivyo linavyotafsirika. "Na" ni kanusho, "mard" ni mwanamume. Hata mimi na Kiajemi changu cha garini ningelitafsiri hivyo hivyo. Mama akaweka kikombe chini. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika, miaka yote ya majani na mafuta ikipata jibu.

Njiani kurudi tulimshusha mama kwake. Tulipobaki wawili nilitaka kumpunguzia aibu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu zangu: alikwenda hospitali, wakamwambia hazai, akanificha mimi akamwambia baba yake. Iliniuma kwamba alimchagua baba yake. Lakini kuzaa kwenyewe, wallahi, sikukuona ni kitu cha kunifanya nimwache mtu niliyempenda.

"Neno alilokwita baba'ko nimelielewa," nikamwambia. "Hata kama ni kweli, mie sijali."

Aligeuka akanitazama muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha gari.

"Hujali?"

"Sijali."

"Mimi najali," akasema, na hakusema lingine mpaka nyumbani. Tangu siku ile kicheko chake kilipungua, na mimi niliona ni aibu ya mwanamume aliyejulikana siri yake, nikawa namwendea taratibu kama mgonjwa. Nilimpikia alivyovipenda. Sikutaja watoto. Kila nilivyomhurumia alizidi kujikunja, na kila alivyojikunja nilizidi kumhurumia.

Mama hakuwa mtu wa kungoja. Alinijia asubuhi, mume wangu yuko kazini.

"N'sikilize mwanangu. Jongoo hapandi mtungi, basi si kosa lako. Babake mwenyewe keshasema mbele za watu."

"Si kweli, mama."

"Wamstiri mumeo. Ndivyo nilivyokulea."

"Mama, mimi ndiye mkewe, nnajua."

"Unajua nini? Utanambia mie mama'ko mambo ya chumbani? Huna haya?"

Hapo akanifunga. Ningesema sana ningekuwa sina haya, ningenyamaza ningekuwa nimekubali, na kati ya hayo mawili hakuna mahali pa mtu kusimama. Nilijaribu kumwambia kwamba kutozaa na lile analolifikiria yeye ni vitu viwili. Akanipigapiga mgongoni kama mtoto aliyefiwa na paka. Wiki haikuisha, mjomba wangu, kaka yake mama, akampigia simu mume wangu amwombe aje.

Mjomba alikuwa mtu mstaarabu, na hilo ndilo lililotumaliza. Mtu mshenzi angelitaja jambo kwa jina lake na mume wangu angejua anaulizwa nini. Mjomba alimkaribisha, akampa halwa, akamwulizia afya ya baba yake, akazunguka na habari za kazi na za joto. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo, mama amekaa karibu yangu magoti yamegusana.

"Mwanangu," mjomba akasema, "lile alolisema mzee wako siku ya Idi, sisi hatutaki kulifunua. Kila nyumba ina siri zake. Nnataka nikuulize moja tu, na wewe n'jibu kiungwana. Ni kweli?"

Nilisikia sahani ya halwa ikisogezwa.

"Ni kweli," akasema mume wangu.

Mama akanigeukia.

"Na jambo hilo lina kubadilika? Pengine kwa dua, kwa muda?"

"Halibadiliki." Aliisema kwa nguvu, karibu kwa fahari, na nakumbuka nilishangaa, nikafikiri ni ujasiri wa kukata tamaa. "Nimeshamwambia baba yangu. Halitabadilika mpaka nife."

"Basi mwanangu, umekuwa mkweli na Mungu akulipe. Lakini hali kama hiyo hatuwezi kumwacha mwenetu nayo. Mwache atafute riziki yake."

Nilimsikia mume wangu akivuta pumzi.

"Na yeye anataka hivyo?"

"Yuko ndani, anasikia."

Wakaningoja. Kwetu mwanamke akinyamaza ameridhia. Tunaambiwa hivyo tangu tunaposwa, kimya cha bikira ni idhini yake, halafu kimya hicho kinatufuata maisha yote na kutujibia tusipotaka. Nilikuwa na la kusema. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimemsikia akikiri kwa kinywa chake jambo ambalo kwangu alisema hana, na mbele ya mjomba, na mambo ya chumbani, nikaona haya. Nikatafuta sentensi ambayo ingesema nabaki naye bila kusema nabaki na nini. Kabla sijaipata alikuwa ameshatamka talaka. Moja, kwa sauti ya mtu anayesoma.

Katika eda nilikaa kwa mama na kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba nilijua ni lake. Angeweza kunirejea kwa neno moja, bila mahari wala kadhi. Hakunirejea. Nilijiambia ni ule msemo wa baba yake, neno la mwanamume ni moja. Eda ikaisha na mama akanifukizia udi kama mtu aliyepona.

Baadaye nikasikia ameoa binti wa ammi yake. Mwaka wa pili nikasikia amepata mtoto, kisha mwingine. Nilimwambia mama, nikingoja aseme chochote, hata samahani ndogo. Alikuwa anachambua mchele.

"Mtoto wa nani huyo?" akasema, akaendelea kuchambua.

Watu walinicheka miaka ile, au niliona wananicheka, maana aliyeachika sasa alikuwa mimi na aliyezaa alikuwa yeye. Mama hakutikisika. Mimi nilitikisika. Mtu asiyezaa anazaaje? Na kama alikuwa mzima, alikiri nini mbele ya mjomba wangu? Nililigeuza neno lile kichwani kila siku, njiani kwenda kazini, kwenye foleni ya Madinat Sultan Qaboos, na kila nikiligeuza lilikuwa lile lile: na, mard. Sikuwa na wa kumwuliza. Aliyenifundisha Kiajemi alikuwa mume wa mtu.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imekwishasonga baba mkwe wangu alipofariki. Nilikwenda kuhani, upande wa wanawake, kwa sababu mzee yule hakunitendea ubaya nilioujua. Wifi yangu alikuwa amezeeka ghafla kama wanavyozeeka waliouguza. Alinikumbatia kwa muda, kisha akanivuta chumba kile kile cha ndani, na tulipokaa peke yetu akaniambia kwamba baba yake alimsamehe mume wangu kabla ya kufa. Alimshika mkono akamwambia sasa wewe ni mard.

"Kwa kuwa amezaa," nikasema.

"Kuzaa?" Hakunielewa. "Kwa kuwa alitimiza kauli yake."

Nikamwuliza kauli gani. Akanitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha msibani. Nikamwapia kwamba sijui.

Ndipo akanieleza, kwa Kiarabu, polepole. Baba yao alipokubali mwanawe anioe aliweka sharti. Miaka ikipita bila mtoto, mwanawe amwoe binti wa ammi yake juu yangu. Mume wangu alikuwa kijana aliyetaka kuoa, akampa kaul-e mardane. Muda ukafika. Siku ile ya Idi mzee alimwuliza, utatimiza lini? Akajibu hatatimiza. Akaulizwa tena, akasema haniletei mke mwenza ndani ya nyumba yangu, si sasa si baadaye. Na mtu anayetoa kauli ya kiume akaivunja, kwao huyo ndiye namard. Halihusu kitanda wala mbegu. Hanithi anaweza kuwa mard, na baba wa watoto kumi anaweza kuwa namard. Ni mtu aliyekupa mgongo.

"Mama yako aliponiuliza niliona haya," akasema. "Ningemwambiaje mgeni siku ya Idi kwamba tunamtafutia mwanawe mwenza? Nikatafsiri neno, nikaacha habari. Halafu mkaja mkajua wenyewe, mkamwita."

"Tulijua nini?"

"Habari ya ile kauli. Ndugu yangu alipotoka kwa mjomba wako alikuja hapa akakaa pale ulipokaa. Alisema, nimewaambia kwamba ni kweli, niliahidi kumletea mwenza, na nimewaambia sitafanya mpaka nife. Alidhani watamshika mkono. Wakamwambia mtu wa hali hii hatumwachii mwenetu. Na wewe ulikuwa ndani ukanyamaza. Akasema, hata yeye ananiona namard. Nilivunja neno kwa ajili yake na amenipima kwa neno hilo hilo. Baada ya hapo hakuwa na sababu ya kumkatalia baba."

Wanawake walikuwa wanasoma chumba cha mbele, sauti zao zinapanda na kushuka. Nililia, na aliyepita akaona ni kwa ajili ya marehemu, akanipa leso. Mume wangu alikuwa mtaa ule ule, upande wa wanaume, amesimama kupokea mikono ya watu. Angenisikia kama ningeita.

Nilimshika wifi yangu magoti. Nikamwomba amwambie kwamba hatukujua. Kwamba hakuna aliyemlaumu kwa kauli wala ahadi. Kwamba tulielewa jambo jingine kabisa.

"Jambo gani?" akauliza. "Nikimwambia mlielewa jambo jingine ataniuliza ni lipi. Mlifikiri baba alisema nini?"

Nikamwambia.

Alitoa mikono yake mikononi mwangu. Haikuwa kwa hasira, aliitoa tu, akaikunja juu ya baibui lake.

"Ukoo wenu mzima?" akasema. "Mjomba wako? Na wewe mkewe ukawaacha? Na leo, baba yake hajakaa kaburini siku tatu, niende nikamwambie kwamba hilo ndilo alilolikubali mbele yenu?"

Nilikaa mpaka kahawa ikaletwa, nikanywa. Kisha nikamwambia basi, asimwambie kitu. Bora aendelee kuamini kwamba nilijua alikataa kuniletea mwenza, na bado nikamwacha.